Gunia Lililovaa Nyuki

Mzee Evanson Wahome alipanga barua katika posta ya Machakos kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote mikono yake ilifika mahali ambapo miguu yake haikuwahi kukanyaga. Ikutha. Mutomo. Mutitu. Nuu. Jioni, nyumbani kwake Kiboko, aliyataja majina hayo kwa sauti ya chini, kana kwamba anawaita watoto waje kula. Nuu ndiyo iliyomkaa moyoni zaidi.

"Mfuko wa Nuu ulikuwa mdogo," aliniambia. "Barua tano, barua sita. Lakini hakuna wiki ulikosa kwenda. Nikawa najiuliza, hao watu sita ni akina nani?"

Alipostaafu alinunua karavani, nyumba ndogo ya bati jeupe yenye magurudumu mawili, ya kufungwa nyuma ya gari. Aliuziwa na mtafiti mmoja wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao. Ndani mlikuwa na kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, na madirisha manne yenye wavu wa kuzuia mbu: moja mbele, moja nyuma, na moja kila ubavu. Watoto wa Kiboko walikuja kuichungulia kama watu wanaochungulia harusi.

Mkewe, Mama Wangui, alikubali safari ya Nuu kwa sharti moja. Bahasha na Stampu waende pia.

Bahasha alikuwa mbwa mzee wa miaka kumi na mmoja, mwenye rangi ya kaki ya bahasha za serikali. Kijana wao Gicheru alimleta akiwa mdogo wa kutosha ndani ya kofia, kisha Gicheru akaenda kufanya kazi Zambia, na mbwa akabaki. Stampu alikuwa paka, mdogo, mwenye doa la mraba kwenye paji la uso.

"Na siku huyu mbwa atashindwa na safari," Mama Wangui alimwambia mumewe mbele yangu, "tunageuza gari hapo hapo. Sitamzika Bahasha kando ya barabara nisiyoijua. Nitamwandikia nini Gicheru?"

"Hatashindwa," alisema Mzee. "Si tunaye daktari?"

Daktari ndiye mimi, Kalunde. Sikuwa daktari. Nilikuwa nimemaliza chuo cha mifugo mwezi wa kumi na moja, nina miaka ishirini na miwili, nakaa kwa shangazi yangu pale Kiboko nikingoja barua ya kazi. Niliwahi kumtibu Stampu jicho, basi. Lakini Mama Wangui alipokuja kwa shangazi kuniomba niwasindikize, nilishindwa kusema hapana. Nilikuwa mtu wa kushindwa kusema. Chuoni mwalimu alikuwa akiuliza swali ninalolijua, na jibu linabaki kooni mwangu mpaka mwingine alitoe.

Ilikuwa Februari ya mwaka wa 1978. Jua la mwezi huo katika nchi ile halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyekaa huko. Tangu Desemba mvua ilikuwa imekata, na bati la karavani likishikwa saa sita lilikuwa kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Mzee alisema tutasafiri asubuhi na kupumzika mchana. Mama alisema wanyama wakae nyuma, kwa kuwa mbele kwenye Lendirova hakuna nafasi. Mimi nikasema nitakaa nao. Hapo hapo nikaanza kufikiri jinsi ya kuwapoza.

Nyumbani kwetu ni Kilungu, milimani, mahali ambapo asubuhi ukungu unakaa juu ya miti ya machungwa mpaka saa tatu. Baba yangu alikuwa na chumba cha kuwekea matunda yakingoja lori. Kuta zake ni wavu wa waya mara mbili, na katikati ya wavu kumejazwa makaa. Asubuhi na jioni tulimwagia makaa maji. Ukiingia ndani unasikia baridi inakupanda miguuni. Na baba alikuwa na amri moja tu: "Funga mlango! Ukiacha wazi unafukuza baridi." Nilichapwa kwa mlango ule kuliko kwa jambo lingine lolote.

Kwa hiyo nilijua la kufanya, au nilidhani najua. Nilitafuta magunia kumi na mawili ya katani. Nikayaloweka. Mengine niliyatandaza juu ya paa na kuyafunga kwa kamba, mengine nikayaning'iniza ukutani, nje na ndani, mengine nikayabandika kwenye madirisha. Kisha nikafunga kila dirisha kwa komeo. Tulibeba mitungi minane ya maji kwa ajili ya kuyalowesha tena njiani. Mama Wangui aliingia, akapapasa ukuta, akatabasamu.

"Daktari, hii ni Nyeri kabisa!"

Niliona haya, lakini moyoni nilifurahi.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Tulitoka Kiboko kabla jua halijachomoza, tukaiacha lami Kibwezi, tukashika barabara ya vumbi kuelekea mto Athi. Nilikaa sakafuni, Bahasha ameweka kidevu juu ya goti langu, Stampu yuko ndani ya kikapu. Tulipovuka mto, Mzee Wahome alisimamisha gari ili ayaone maji. Alivua kofia.

"Barua zote zilivuka hapa?" alijiuliza mwenyewe.

"Zilipita upande ule mwingine, Baba Gicheru," mkewe alimjibu. "Rudi ndani tuende."

Baada ya mto jua likapanda. Vumbi jekundu la magurudumu ya Lendirova lilipiga dirisha la mbele, nami nikashukuru kwamba madirisha yamefungwa. Magunia ya ndani yalianza kutoa mvuke. Blauzi yangu ikanishika mgongoni. Nilimwagia magunia maji zaidi. Mvuke ukazidi. Bahasha alikuwa akihema, lakini mbwa wote huhema, nikajiambia, na tukisimama kwa mapumziko nitamtoa kivulini.

Saa tano na nusu, kilomita chache kabla ya Ikutha, gurudumu la kushoto la karavani lilipasuka.

Mahali penyewe palikuwa pakavu sana. Vichaka vya miiba visivyo na jani, ardhi nyekundu, na kando kidogo migunga michache yenye kivuli chembamba. Mzee alitoa jeki na spana. Mama akashuka na mwavuli. Nilikuwa nimeshika mpini wa mlango ili nimtoe Bahasha, ndipo nikasikia sauti juu ya paa, kama mafuta yanayochemka mbali.

"Nyuki!" Mama Wangui alipiga kelele. "Usifungue! Kalunde, usifungue!"

Alikimbilia Lendirova akajifungia. Mzee naye aliacha jeki akamfuata. Nilichungulia pembeni mwa gunia la dirishani. Katika nchi ile yote iliyokauka, sisi ndio tuliokuwa na maji, na nyuki walikuwa wametusikia harufu. Walikuja kwa mstari mwembamba kutoka kwenye migunga, kisha kwa wingu. Walitua juu ya magunia ya nje mpaka sikuona tena gunia, niliona kitu cheusi cha dhahabu kinachotembea. Kila komeo nililifunga tena kwa nguvu; katika hofu ile sikukumbuka hata kwamba madirisha yana wavu.

Hapo ndipo nilipomtazama Bahasha.

Alikuwa amelala ubavu. Ulimi ulikuwa umetoka wote, mpana kuliko kawaida, na udenda mzito ulikuwa umelowesha sakafu. Fizi zake zilikuwa nyekundu kama pilipili. Nilimwita, masikio hayakusogea. Nilichukua kipimajoto changu cha chuo, nikampima kwa nyuma kama tulivyofundishwa, nikasubiri, nikasoma. Arobaini na moja na pointi nne. Mbwa mzima ni thelathini na nane na nusu hivi. Niliwahi kuandika katika mtihani, kwa wino mzuri, nini hutokea mbwa akifika arobaini na mbili.

Nilimwagia tumbo maji. Maji yalikaa juu yake yakawa vuguvugu. Nilimpepea kwa kifuniko cha sufuria, lakini nilikuwa nampepea kwa mvuke. Ndani ni mvuke, nje ni nyuki. Stampu alilia ndani ya kikapu mara moja, akanyamaza. Nilijua kwamba baada ya robo saa nitakuwa nimemuua mbwa wa watu walioniamini, tena kwa kitu nilichokiita baridi.

"Mwi aseo!" sauti ya mwanaume ilisema nje. Mu wazima?

Nilichungulia tena. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, anachechemea, anasukuma baiskeli yenye debe nyuma. Aliiegemeza kwenye kichaka, akatazama karavani kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka. Meno mawili ya mbele hayakuwepo.

"Aiya! Nimeishi hapa tangu nizaliwe, sijaona watu wananywesha gunia! Sisi watoto wanaenda maili sita na mtungi, nyinyi mnanywesha nyumba!"

Mzee Wahome aliteremsha kioo cha gari kidogo. "Ndugu yangu, toka hapo! Watakuuma!"

"Nani, hawa? Hawa ni wangu, mzee. Wengine nawajua kwa sura." Akacheka tena peke yake. "Mimi ni Nzioka. Ndani kuna mtu?"

Nilikuwa na jibu kooni. Lilikaa pale pale yanapokaa majibu yangu yote. Nikamtazama Bahasha, nikapiga dirisha kwa kiganja, nikapaza sauti ambayo sikujua kama ninayo.

"Kuna mbwa! Anakufa kwa joto! Nisaidie!"

Kicheko kilikatika. "Mbona mmefunga?"

"Nyuki!"

"Nyuki hawana maneno na mbwa, mwiitu, msichana wewe. Wanataka maji. Ngoja. Usipige ukuta tena, usipige kelele. Na huyo mama aliyejipaka mafuta ya kunukia kichwani, akae huko huko."

Kisha nikaona jambo ambalo mpaka leo nikifumba macho naliona. Nzioka alivua shati, akabaki na suruali. Alikuja taratibu, kama mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa. Alifungua kamba za gunia la kwanza, fundo kwa fundo, na nyuki wakampanda mikononi. Akalishika gunia kwa pembe mbili, akalitoa ukutani polepole, likiwa limevaa nyuki kutoka juu hadi chini, akatembea nalo. Alichechemea, lakini gunia halikutikisika. Mgongo wake ulikuwa na nyuki, shingo yake ilikuwa na nyuki, na alikuwa akinong'ona nao kwa Kikamba maneno ambayo ni ya kawaida kabisa, ya mtu anayembembeleza ng'ombe apite mlangoni. Twende. Polepole. Maji ni haya haya. Alilitandaza gunia juu ya kichaka, hatua arobaini kutoka kwetu, akarudi kuchukua la pili. Mara saba alikwenda, mara saba alirudi. Mwishowe alichukua karai letu, akalijaza maji, akatia vijiti vya kutua, akaliweka chini ya kichaka kile, na wingu lote likahamia huko. Hakuumwa hata mara moja. Au aliumwa na hakusema.

"Sasa fungua," aliniambia. "Mbele na nyuma. Toa hayo matambara ya ndani."

Nilifungua dirisha la mbele, nikafungua la nyuma. Upepo uliingia. Ulikuwa upepo wa moto wa Februari, wa vumbi, upepo ambao asubuhi ningeufungia nje. Lakini ulipopita juu ya manyoya ya Bahasha yaliyolowa, niliweka mkono wangu pale nikasikia ubaridi. Nilishtuka kana kwamba mtu amenishika. Nilimwagia maji tumboni, mapajani, kwenye nyayo, nikampepea, na kila nilipompepea ubaridi ulirudi.

Mama Wangui alikuja mbio, mafuta ya kunukia na yote, kitambaa kimefunga kichwa. Alipiga magoti.

"Anaishi?"

Nilimpima. "Arobaini na pointi nane."

"Hiyo ni nzuri?"

"Inashuka, Mama."

Alinipokonya kifuniko cha sufuria akaanza kupepea kwa mikono miwili. Mzee alisimama mlangoni, kofia kifuani, kama alivyosimama mtoni.

Baada ya dakika ishirini kipimajoto kilisoma thelathini na tisa na pointi sita. Bahasha alikunja ulimi, akameza, akanitazama kwa jicho moja. Mama Wangui akaanza kulia bila kuacha kupepea. Nilitoka nje kwa kuwa mimi pia nilikuwa nalia, na sipendi kuonekana.

Nzioka alikuwa amekaa kwenye kivuli cha Lendirova, amevaa shati lake, anaondoa nyuki mmoja mmoja kwenye mikunjo ya suruali.

"Atapona?"

"Nadhani."

"Nani aliwafundisha kufunga nyumba hivyo?"

"Mimi," nilisema. "Kwetu Kilungu tunapoza machungwa hivyo."

"Machungwa!" Alifikiri. "Lakini chungwa halipumui joto, mwiitu. Mbwa anapumua. Na wewe unapumua. Njoo nikuonyeshe nyumba ya wenye akili. Funga kichwa chako vizuri, pumua kidogo kidogo."

Nilimfuata mpaka kwenye migunga. Mzinga wake ulikuwa gogo lililochongwa ndani, mwatu kama watu wa huko wanavyouita, umening'inia chini sana, kimo cha bega langu. Nilidhani mizinga hukaa juu.

"Hukaa juu," alisema. "Mimi nilianguka nikavunja mguu. Mke wangu Syombua ameapa nikipanda mti tena, nikianguka asiitwe. Basi nyuki wameshuka wanifuate." Akashusha sauti. "Simama ubavuni, usizibe njia yao. Tazama mlangoni."

Nilitazama. Kwenye tundu la mzinga nyuki walikuwa wamesimama kwa safu, miguu imeshika mti, vichwa vimeinama. Hawakwenda popote. Mabawa yao yalikuwa yanapiga kwa kasi hata hayakuonekana, palikuwa na ukungu tu mgongoni mwa kila mmoja. Juu ya vichwa vyao wengine walikuwa wakiingia bila kukoma, wazito, wakitoka upande wa karai letu.

"Unadhani wale walikunywa maji yenu?" aliuliza Nzioka. "Hawakunywa. Wameyabeba tumboni. Huko ndani wanayapaka juu ya masega, tone moja hapa, tone moja pale. Halafu hawa wa mlangoni wanapepea. Wa upande huu wanavuta hewa kuingia, wa upande ule wanasukuma kutoka. Kutwa nzima hivyo. Wakiacha, nta inayeyuka, asali inamwagika, watoto wanakufa. Weka mkono hapa. Polepole."

Niliweka kiganja changu mbele ya pembe ya chini ya tundu, karibu sana. Pumzi ilinigusa. Ilikuwa ya moto, yenye unyevu, na ilinukia asali na nta. Ilitoka mfululizo, kama pumzi ya mnyama mmoja mkubwa aliyelala ndani ya gogo. Kisha Nzioka alinishika kifundo cha mkono akanisogezea kiganja kwenye pembe ya pili, nikasikia hewa kavu ikinipita vidoleni kwenda ndani.

"Sasa sikio. Kwenye mti."

Niliegemeza sikio kwenye gogo. Nje jua lilikuwa linaua mawe. Ubao ule ulikuwa wa uvuguvugu tu, na nyuma yake niliusikia umati, maelfu wakifanya kazi moja kwa sauti moja, hakuna anayeamuru. Nilikuwa nimesoma miaka miwili. Nilikuwa na cheti chenye muhuri. Nilisimama pale sikio kwenye gogo, nikasahau kuona haya, nikasahau hata kwamba nyuki wanauma. Sikuwahi kujua kwamba duniani kuna nyumba yenye adabu kiasi kile.

Niliporudi nilianza upya. Gunia moja tu, lililolowekwa na kukamuliwa, nililining'iniza kwenye dirisha la mbele, ndani ya wavu wa mbu, mahali nyuki hawawezi kulifikia. Gunia la pili nilitandika sakafuni. Dirisha la nyuma niliacha wazi kabisa. Madirisha ya ubavuni nikayafungua nusu. Mzee alimaliza gurudumu. Nzioka alituongoza kwa baiskeli tukaisogeza karavani chini ya migunga, mdomo wa mbele ukitazama upepo, tukangoja jua lipungue.

Saa tisa Mama Wangui aliniita. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya karavani, na mumewe amesimama kando anazungusha kofia mikononi. Nilijua wanazungumza kuhusu sharti lake.

"Mama Gicheru anasema turudi," alisema Mzee. Hakulalamika. Alikuwa anatazama barabara ya Ikutha.

"Nilisema mapema," alisema Mama. "Si mimi niliyetaka pancha."

Hapo ndipo palikuwa pa kunyamaza. Wangerudi Kiboko, na kosa lingebaki la jua, au la nyuki, au la uzee wa mbwa.

"Mama," nilisema, "si safari iliyomshinda Bahasha. Ni mimi. Nilifunga madirisha nikidhani naweka baridi. Mbwa hapozwi kama chungwa. Nilifanya makosa, na nimeona kosa liko wapi."

Mama Wangui alinitazama mpaka nikatazama chini.

"Asubuhi nani alisema hii ni Nyeri kabisa?"

"Ni wewe, Mama."

"Na nani alikuambia usifungue?"

"Ni wewe, Mama."

"Basi usijibebee peke yako kama mtungi. Tulifunga sote wawili." Alifuta uso kwa kanga. "Kipimo kinasema nini sasa?"

"Thelathini na nane na pointi saba. Lakini asisafirishwe saa sita tena. Tuanze kabla ya jua, tusimame saa nne, tuendelee saa kumi. Nitampima kila tunaposimama. Kikifika thelathini na tisa na nusu, mimi mwenyewe nitakuambia tugeuze."

"Utaniambia? Wewe, usiyeweza hata kuomba chumvi mezani?"

"Nitakuambia, Mama."

Bahasha alichagua wakati huo kusimama. Alishuka ngazi moja, akatulia, akashuka ya pili. Alikunywa maji kwenye sufuria kwa muda mrefu. Kisha akaenda pole pole mpaka kwenye gurudumu jipya ambalo Mzee alikuwa amelihangaikia mchana kutwa, akainua mguu.

"Amepiga muhuri," alisema Mzee Wahome. "Barua iko tayari kwenda."

Nzioka alicheka mpaka akashika mguu wake mbovu. Mama Wangui alijaribu kukasirika, akashindwa.

"Twende basi," alisema. "Lakini daktari ndiye mwenye neno la mwisho."

Tulimwachia Nzioka mitungi miwili ya maji na karai. Alikataa pesa. Alimpa Mama kipande cha sega ndani ya jani, akamwambia apunguze mafuta ya kichwani kabla ya kufika Mutomo, maana huko nyuki hawana heshima kama wake.

Saa kumi tulishika njia. Nilikaa mahali pangu sakafuni. Upepo wa mwendo ulipita kwenye gunia la mbele ukaja juu yetu mwepesi na baridi, ukinukia katani na udongo uliolowa, kama mvua iliyo mbali. Vumbi lote lililokuwa litupige lilishikwa na gunia, likawa jekundu kama tofali, na ndani hewa ilikuwa safi. Stampu alitoka kikapuni, akajinyoosha, akalala mgongoni mwa Bahasha.

Nikasimama, nikaenda dirisha la nyuma, nikaweka kiganja pale karibu na wavu. Pumzi ilinigusa ikitoka. Ya moto, yenye unyevu, ikinukia mbwa na paka na mtu. Nilibaki nimesimama hivyo mpaka Ikutha ilipoonekana, mkono wangu mlangoni mwa nyumba yetu inayopumua.

Tulifika Nuu siku ya nne. Ni kituo kidogo chenye mlima wa mawe nyuma yake na mbuzi wengi kuliko watu. Mzee Wahome alitembea barabara yake yote, ambayo si ndefu, akisalimia kila mtu kwa mikono miwili, na hakuwauliza kama ni wao wanaopata barua. Jioni alinunua kadi katika duka la mtu aitwaye Bulle, akabandika stempu, akaandika anwani ya Nzioka, kupitia shule ya Ikutha, kwa mwandiko ulionyooka kama mstari wa rula. Kisha akanisogezea kalamu.

"Hapo pa maneno andika wewe, daktari."

Bahasha alikuwa amelala chini ya meza ya duka, juu ya mguu wangu, mzito na mkavu. Kulikuwa na mengi ya kumwambia mtu yule, kuhusu gogo na pumzi na maelfu wasioamriwa, lakini kadi ilikuwa ndogo. Niliandika: Mbwa mzima. Madirisha yako wazi.